Gari la Kelele

Tulikuwa tumetoka kumzika Tata, baba yangu, udongo mwekundu bado umeganda kwenye viatu vyetu, na watu wameketi chini ya turubai wakigawiwa wali na nyama, binamu yangu Momanyi aliponiinamia na kuniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba njia nzima kutoka Nakuru. Anataka kununua gari kubwa la familia, la mtumba, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Amepata mawili ya sura moja na umri mmoja, ila moja ni la petroli na jingine la dizeli. Achukue lipi? Marehemu alikuwa dereva, akasema, na mimi ni binti yake, lazima kuna kitu nilichorithi. Hakuwa na ubaya wowote. Alikulia mbali, na mambo ya mwaka ule hakuyajua. Lakini mwanamke aliyekuwa akipakua wali alisimamisha mkono, na shangazi mmoja akaanza ghafla kumfuta mjukuu wake kamasi ambazo hazikuwepo. Wifi yangu Bosibori alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu, akila polepole kama anavyokula siku zote. Hakuinua kichwa. Nikamwambia Momanyi ale kwanza, chakula kinapoa.

Mimi si mtu wa magari. Nimekuwa mkunga tangu ujana wangu, na ninachojua kuhusu injini kinaenea kwenye kisoda. Lakini upo mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ambao nyumbani kwetu juu ya Ikonge hatukuwa na mazungumzo mengine ila injini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nachuma chai asubuhi na kukaa jikoni na Mama mchana, na kila mgeni aliyeingia kwa kikombe cha chai alikuwa na lake la kusema kuhusu petroli na dizeli. Jirani yetu, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alikuwa na maoni marefu kuliko wote. Dizeli inavuta, walisema. Petroli inawaka haraka. Dizeli ni rahisi mfukoni. Petroli haina moshi. Nilikuwa nikiwasikiliza huku napepeta wimbi na kuwaonea hasira, kwa sababu wanaume wakishaanza kuzungumzia injini husahau kabisa gari lenyewe ni la kumbeba nani.

Na gari lile lilikuwa la kumbeba mtu mmoja. Bosibori alikuwa ameolewa na kaka yangu Nyakundi, ambaye alifanya kazi Mombasa na kuja nyumbani Desemba. Mimba ya kwanza mtoto alifia tumboni, hapa hapa nyumbani. Ya pili ilikuwa ya mvua kubwa. Uchungu ulianza kabla ya siku zake, gari la kukodi likakataa kupanda kwetu, wanaume wanne wakambeba juu ya kitanda kuteremka mpaka barabarani, na mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Baada ya hapo daktari mmoja wa Kisii alimpima akasema nyonga zake ni nyembamba, na mimba nyingine ikija lazima apasuliwe, na lazima afike mapema. Mwaka ule ikaja. Tata alikuwa amestaafu udereva wa malori ya majani chai, na mara tu Mama alipomnong'oneza habari hiyo, alianza kuuza ng'ombe. Hakutoa hotuba yoyote. Alisema tu kwamba safari hii gari litalala nyumbani, likiangalia barabara. Nilikuwa na miaka kumi na minane na niliogopa kumwangalia Bosibori tumboni, kama kwamba macho yangu yangeweza kuliharibu.

Magari mawili, moja la petroli na jingine la dizeli, yalikuwa kwa Bwana Jayanti, Mhindi aliyeuza vipuri mjini Kisii, katika ua wa saruji nyuma ya duka lake. Tulifika asubuhi, Tata na mimi, na mke wake akatuletea chai ya tangawizi na sahani ya chevda, ule mchanganyiko wa karanga na dengu za kukaanga, tukala tumesimama katikati ya magari hayo mawili meupe kama watu waliokuja kuchumbia na kukuta mabinti pacha. Fundi wake alikuwa Okelo, mtu wa upande wa ziwani, mwenye sauti kubwa na uhakika wa kila jambo.

"Mzee Ogeto, mimi bei ni ile ile, uchukue hii, uchukue ile," alisema Bwana Jayanti. "Lakini kama ni mimi, nachukua petroli. Baridi ya huko kwenu asubuhi, hii unagusa ufunguo tu, imewaka. Hata bibi yangu anaendesha."

"Anataka kukuuzia hiyo kwa sababu inakunywa mafuta hakuna mtu anaitaka," Okelo alisema kutoka chini ya boneti. "Mzee, chukua dizeli. Hiyo mlima yenu na hiyo matope, petroli itapiga magoti. Na pale mtoni, maji ikiingia kwa waya za plagi, umelala hapo."

"Na dizeli asubuhi inakohoa mpaka majirani wanaamka."

"Si waamke? Watu wa chai wanalala mpaka saa ngapi?"

Tata aliniambia niingie kwenye gari la petroli, si mbele, bali nyuma kabisa, mahali pa mizigo. Nikaingia na sketi yangu nzuri nikaketi juu ya gurudumu la akiba. Akaniambia nifunge madirisha, kisha akawasha gari na kulitoa barabarani kuelekea Daraja Mbili, na tulipofika kwenye mteremko wa sokoni akasema, bila kugeuka, "Kerubo, sema kitu." Nikamuuliza niseme nini. "Soma tebo ya saba." Nilikuwa msichana mkubwa, nimefanya mtihani wa taifa, na sasa naimba saba mara moja saba nyuma ya gari huku wauza ndizi wakivuta mikungu yao kutupisha. Nilipofika saba mara nane alisema kwa utulivu kabisa, "Si hamsini na nne." Tukarudi. Akanihamishia kwenye dizeli, nyuma kabisa vilevile, na tukapita njia ile ile. Lile lilikuwa likinguruma kama kinu cha kusagia mahindi, vioo vikitetemeka kwenye fremu zake. Nilisoma tebo ya saba, nikasoma ya nane, nikaona hanisahihishi, nikasema kwa sauti kwamba Tata una kichwa kigumu na watu wote wa Ikonge wanajua. Shingo yake haikucheza. Tuliporudi uani aliteremka na uso wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akaweka mkono juu ya boneti la dizeli. Okelo alicheka kwa ushindi. Bwana Jayanti alinyanyua mabega na kuagiza chai nyingine.

Wote walidhani ni ule mlima. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka jioni ile, jikoni. Mama alikuwa akipika chinsaga kwa maziwa, ile harufu chungu ya mboga hiyo imejaa chumba kizima, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikitafuta ungo. Tata alikuja akasimama kizingitini, kwa maana jikoni hakuwa akiingia. Walizungumza Kigusii, nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mbona umetuletea kitu cha kelele hivi?" Mama alimuuliza. "Kuku wamekimbilia kwa jirani."

"Mama Nyakundi, siku hiyo nani ataendesha?"

"Si wewe?"

"Ni mimi. Na yule mtoto wa watu atakuwa nyuma yangu, na uchungu. Atalia. Mimi ni baba wa mume wake. Nikae pale mbele nikimsikiliza? Lile jingine linanyamaza mno. Nilimsikia Kerubo neno kwa neno. Hili nimelijaribu, humsikii mtu. Nitatundika blanketi katikati. Alie atakavyo, hakuna atakayemsikia."

Mama aliacha kukoroga. Nilimwona kwa upenyo wa mlango, mwiko juu, akimwangalia mume wake kama siku hiyo ndiyo amemjua. Hapo inabidi niseme jambo kwa wale ambao si wa kwetu. Kwetu kuna chinsoni, haya kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Hawashikani mikono. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mke huyo. Tata hakuwahi kulitamka jina la Bosibori. Alikuwa akisema "mke wa Nyakundi", na akimkuta njiani alipisha pembeni na kuangalia majani chai. Kanisa lilikuwa limelegeza mengi pale kijijini, lakini hilo halikulegezwa nyumbani kwetu, na wala hakuna aliyelilalamikia. Lilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo baba yangu, katika mambo yote ambayo mtu huweza kuangalia katika injini, aliangalia kama itaficha kilio cha mke wa mwanawe.

Kesho yake Mama alimpelekea Bosibori habari hiyo, na mimi nilikuwepo. Nyumba yake ilikuwa ndogo na safi mno, viti vimefunikwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe, na kwenye kona palikuwa na sanduku la nguo za mtoto ambalo hakuna aliyekuwa akilitaja. Aliketi kitandani akasikiliza. Kisha akalia, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kumwona akilia.

"Kweli alifikiria hilo?" aliuliza. Alikunja mkono wa sweta akatuonyesha chini ya kiwiko, alama ya meno, nyeusi, imekaa pale kama chanjo. "Siku ile ya kitanda. Wanaume wanne walinibeba, na wengine wanafuata na miavuli. Nilijiuma nisilie mbele yao." Akaufunika mkono. "Sasa nitalia."

Nilimpenda Tata siku hiyo kuliko siku yoyote kabla yake. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ya kilichofuata. Habari ilitambaa, kama zinavyotambaa kwetu, kutoka jikoni moja hadi jingine, na wanawake waliokuja kuazima chumvi walisema laiti baba mkwe wao angekuwa na nusu ya ubinadamu ule. Mzee wa kanisa alilisifu jambo hilo siku ya Sabato mbele ya watu bila kutaja majina, na kila mtu akajua. Hakuna aliyeuliza itakuwaje kama yule aliye nyuma ana jambo la kumwambia yule aliye mbele. Si Tata, si Mama, si mimi niliyekuwa nimekaa humo nyuma na kumtukana mzazi wangu bila yeye kusikia. Hata Bosibori hakuuliza. Sisi sote tulikuwa tumeshughulika kumpa faragha.

Miezi ikapita. Kila alfajiri Tata aliwasha injini ili isizoee baridi: anageuza ufunguo nusu, anasubiri ile taa ndogo ya rangi ya machungwa izime, kisha anamalizia, na mlio unatoka pamoja na wingu la moshi mweusi uliokaa juu ya chai kama mtu asiyekaribishwa. Kiti cha nyuma alikiondoa, akaweka godoro. Kiti chenyewe tulikiingiza sebuleni, na mwaka ule wote wageni wetu walikunywa chai wameketi juu ya kiti cha gari. Blanketi lilikuwa langu la shule ya bweni, la kijivu lenye mistari myekundu. Tata alilitundika kwa waya nyuma ya viti vya mbele, akalikaza pembeni kwa misumari midogo ili upepo usilifunue. Gari alilielekeza barabarani. Mpango ulikuwa Bosibori ahamie Kisii kwa shangazi yake wiki za mwisho. Alishakunja nguo zake. Ninavyomkumbuka miezi ile, anakuja jikoni jioni, anaketi kwenye kigoda, anakula ndizi za kuchemsha moja tu na kuanza kumsimulia Mama ndoto, na Mama anamkatiza kwa sababu ndoto za mjamzito hazisimuliwi. Hofu yetu ilikuwa imekaa nasi mezani. Tulimpimia kila pumzi.

Mtoto hakungoja wiki za mwisho. Ilikuwa Agosti, baada ya chakula cha mchana, mawingu yamekwisha kujipanga upande wa Itumbe kama kila siku ya msimu ule, na Bosibori alikuja kutoka bafuni ameshika ukuta. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa tumeifanya safari ile vichwani mwetu mara nyingi mno. Mama na mimi tulimlaza godoroni, Mama akapanda akakaa naye, na mimi nilipotaka kupanda akanizuia. Msichana ambaye hajazaa, alisema, hana cha kuangalia humu. Nikaenda mbele. Kazi yangu ilikuwa kufuta mvuke kwenye kioo kwa kitambaa. Tata alikuja kutoka shambani akikimbia, akapanda, akakodolea macho ile taa ndogo mpaka ikazima, na injini ikawaka mara moja. Tulipofika barabarani mvua ilianza, kisha mvua ya mawe, na paa la gari likawa ngoma.

Sina ubaya wowote wa kuisemea injini ile. Ilifanya kila kitu ilichoahidi. Mtoni maji yalikuwa yamepanda mpaka juu ya ekseli, na Tata alilitia gari humo polepole, gia ya kwanza, na likavuka bila kutetereka. Upande wa pili ndio mlima wenyewe, udongo umelainika, mitaro ya malori ya chai imejaa maji, na gari likapanda kwa mngurumo niliousikia mpaka ndani ya mifupa. Lilirukaruka, likalala upande, likanyooka, likaendelea. Tata alikuwa amelowa jasho na uso wake uling'aa. Alinigeukia akapaza sauti, "Unaona? Petroli ingebaki pale mtoni." Nikaitikia kwa kichwa nikafuta kioo. Nilikuwa na furaha. Niliamini tunashinda.

Lami ilipoanza, magurudumu yakatulia, mawe ya mvua yakapungua, na Tata akabadili gia. Kati ya gia moja na nyingine injini hushusha pumzi. Katika nafasi hiyo tukasikia sauti. Ilikuwa ya Mama, na ilikuwa imekauka kabisa, sauti ya mtu aliyekwisha kuita muda mrefu. Alikuwa akiita "Ogeto." Mama hakuwahi kumwita mume wake kwa jina, hata siku moja. Tata alikanyaga breki na kuzima injini hapo hapo katikati ya barabara. Kimya kile kilikuja kwa ghafla hata masikio yangu yaliuma. Halafu nyuma ya blanketi langu la shule, taratibu, bila kulia, Bosibori akasema, "Tata."

Mikono ya Tata ilikuwa bado kwenye usukani. Kisha akageuka, akalishika blanketi na kulivuta, misumari ikaruka.

Nimezalisha wanawake wengi tangu siku ile, na kwa hiyo najua nilichokiona, ingawa wakati ule sikukielewa. Mtoto alikuwa ametangulia miguu. Kiwiliwili kilikuwa nje tangu pale mtoni, kichwa kimekwama, na Mama alikuwa amekishika kwa mikono yake miwili, akijaribu kukizuia kisitikiswe kila gari liliporuka. Hakuwa na mkono wa kugonga, wala wa kuvuta blanketi. Alikuwa na sauti tu. Aliitumia mlima wote. "Shika magoti yake," alimwambia Tata, na Tata akapanda nyuma, akapiga magoti kwenye godoro lililolowa damu, akamshika mke wa mwanawe. Hakuangalia pembeni. Mama alifanya alichojua kufanya, na kichwa kikatoka. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Tata alivua koti lake akamsugua nalo jinsi alivyowasugua ndama waliozaliwa vibaya, akampulizia mdomoni, akamsugua tena, akampulizia tena. Mvua ilikuwa imekwisha. Lori la chai lilisimama nyuma yetu, na dereva wake, aliyemfahamu Tata, aliteremka, akaangalia, akavua kofia na kurudi ndani ya lori lake. Ni Mama aliyemshika Tata mkono hatimaye na kumwambia basi.

Bosibori alikuwa akivuja damu. Tata alirudi mbele, akawasha gari, na mimi nikahamia nyuma, kichwa cha Bosibori mapajani pangu. Na kutoka pale mpaka Kisii baba yangu aliendesha shingo yake ikiwa imegeuka nusu, akiita, "Bosibori." Jina ambalo hakuwahi kulitamka. Aliliita kwa ukelele juu ya ile injini, kisha akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likapungua kasi, mpaka asikie jibu. "Ee, Tata." Ndipo akakanyaga tena. "Bosibori." Kila kona, kila mteremko. Watu waliokuwa njiani huenda walidhani ni mlevi. Mara ya mwisho, mjini tayari, jibu lilichelewa, na nilimsikia Tata akisema kwa sauti ya kawaida, si kwa yeyote kati yetu, "Mungu, si huyu pia." Halafu Bosibori akajibu. Hospitali walimwokoa. Walimwondolea kizazi.

Nyakundi alikuja kutoka Mombasa akakuta mambo yamekwisha, mtoto amezikwa kando ya migomba, mke wake amelala akiangalia ukuta. Wazee wa ukoo nao walikuja baada ya wiki chache, wakaketi kwenye kile kiti cha gari na kunywa chai, na wakasema kwa upole kwamba chinsoni zimevunjwa na panahitajika mbuzi. Tata alitoa mbuzi bila ubishi. Nyama yake hakuigusa. Kabla ya mwaka kwisha alimwita mwenye kinu cha Ikonge, wakaitoa injini kwa minyororo na magogo, na tangu hapo ikawa inawasagia watu mahindi. Gari lililobaki liko nyuma ya jikoni mpaka leo, kuku wanataga ndani yake. Tata hakununua jingine. Alitembea kwa miguu, na kinu kilipoanza kunguruma mchana aliacha kazi aliyokuwa akiifanya na kusimama mpaka kikanyamaza.

Kitu kimoja kilibadilika nyumbani, na wazee hawakudai mbuzi kwa ajili yake. Bosibori hakuacha kumwita Tata. Akitaka kumwambia chakula ki tayari, hakutuma mtoto wa jirani tena, alisimama mlangoni akaita, na Tata kutoka popote alipo, hata kule chini kwenye chai, alijibu hapo hapo, "Nakusikia." Mimi nilikwenda kusomea ukunga mwaka uliofuata. Nilipofuzu na kurudi likizo, Tata alinikuta nafua nguo, akasimama kidogo, akauliza kama anauliza habari za hali ya hewa, "Kama ningesimama pale mtoni, angeishi?" Nilikuwa nimelitegemea swali hilo miaka yote ya chuo. Nikamwambia, "Pengine, Tata." Aliitikia kwa kichwa. Alisema asante, na akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Basi siku ile ya mazishi Momanyi alimaliza wali wake, akafuta mikono, akanirudia. Shangazi, hukunijibu, alisema, kwa maana huniita shangazi kwa sababu ya umri. Petroli au dizeli? Bosibori ndiye aliyeweka sahani yake chini. Mvi zimemjaa sasa. Yeye ndiye aliyemwogesha Tata miezi yake ya mwisho, na kumlisha, na kumgeuza kitandani, na hakuna mzee aliyethubutu kumwambia neno.

"Yawashe yote mawili," alimwambia. "Mwambie dereva apande mlima. Wewe nenda ukae nyuma kabisa, ufunge madirisha, halafu umwite."

Momanyi alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. "Nimwite niseme nini?"

"Jina lake tu," Bosibori alisema. "Lile gari ambalo ndani yake atageuka, nunua hilo."